Watoto wajue pia dini ya mwenzao wa dawati

Mhariri,

Nimefundisha shule za msingi za serikali hapa Tanga hadi nilipostaafu, na kipindi cha dini nakijua: Waislamu wanabaki darasani na maalimu, Wakristo wanatoka na katekista hadi chini ya mwembe. Sina ugomvi na utaratibu huo. Mzazi ana haki mwanawe alelewe katika imani ya nyumbani, na Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu.

Lakini watoto hawa wanakaa dawati moja tangu darasa la kwanza, na hakuna anayemweleza mmoja habari za mwenzake. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza ndani ya wiki moja, mwezi Machi. Mjukuu wangu akaniuliza mbona mfungo wa Ramadhani wa rafiki yake huhama kila mwaka. Jibu ni la hesabu tu: mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko ule wa Januari hadi Desemba. Wangapi wanajibiwa vijiweni, tena kwa kejeli?

Naomba mada chache ziongezwe katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, zifundishwe na mwalimu wa somo: Msabato na Jumamosi yake, Mhindu na Diwali, matambiko ya wazee wetu. Aeleze, asihubiri. Na wazazi waonyeshwe mada hizo mapema, maana hofu ya watoto kubadilishwa dini ipo, wala si ya kubezwa.

Mwalimu mstaafu,
Tanga