Barua ya Wazi kwa Vijana Mnaopanga Meza Magulioni

Wanangu,

Nawasalimu nyote mnaoamka alfajiri na mizigo yenu, wengine kichwani, wengine kwenye mikokoteni, kuwahi nafasi kwenye gulio la vitu vilivyotumika. Nimeshika kalamu kwa sababu kila ninapopita kati ya meza zenu naona mali nzuri ikirudishwa kwenye magunia jioni, ilhali mtu aliyekuwa akiitafuta alipita hatua mbili tu kutoka pale ilipolala. Jambo hilo linaniuma, na dawa yake ipo.

Tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimewasikia wengi wenu mkiitegemea methali hiyo baada ya kumwaga mzigo mezani kama ulivyotoka guniani na kuketi kusubiri. Gulioni kizuri hakijiuzi kikiwa kimefunikwa na vitu vingine ishirini. Mwenye duka ana mlango, na aliyevuka mlango huo ameshakubali kutazama. Nyinyi hamna mlango. Mtu anapita huku anatembea, jicho moja kwako na jingine kwa jirani yako, na sekunde chache anazokupa ndizo zitakazoamua kama atapunguza mwendo au la. Kwa hiyo neno langu kubwa ni hili: meza huonwa kwanza kutoka mbali, lakini wengi wenu mnaipanga kwa macho ya mtu aliyesimama karibu, yaani macho yenu wenyewe.

Jirekebisheni hapo kabla hamjatumia hata senti kwa mapambo. Ukimaliza kupanga, ondoka nyuma ya meza. Nenda hatua kumi na tano upande wanakotokea watu, geuka, kisha rudi ukitembea kwa mwendo wao. Nini kimekuvuta jicho kwanza? Kama ni boksi tupu, mfuko wa plastiki au kiti chako, basi hicho ndicho unachotangaza. Piga picha kwa simu, halafu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zikishaondoka utaona mara moja kipi kinajitokeza na kipi kimezama, kwa sababu kinachobaki ni mwanga na kivuli tu. Fanyeni zoezi hili nyumbani siku moja kabla ya soko: chora sakafuni kwa chaki ukubwa wa nafasi yako na upange kila kitu ndani yake. Asubuhi ya gulio haina nafasi ya majaribio.

Sasa tuje kwenye kimo, maana hapa ndipo wengi mnapopotea. Meza ya kukunja ya kawaida ina kimo cha sentimita 75 hivi. Kitu kilicholazwa juu yake, mtu aliye umbali wa mita kumi hakioni vizuri, anaona zaidi ukingo wa meza. Wateja wawili wakisimama mbele, hata huo ukingo hauonekani tena. Kwa hiyo jengeni kwenda juu. Kreti za mbao zilizogeuzwa, masanduku imara yaliyofunikwa kitambaa, ngazi fupi ya mbao yenye mbao zilizolazwa juu ya vipago vyake, wavu wa chuma uliosimamishwa nyuma na kuwekewa kulabu: vyote hivyo ni rafu za bei nafuu. Nyuma pawe juu, mbele pawe chini, ili kitu kisimzibe mwenzake. Macho ya mtu mzima aliyesimama yapo kwenye sentimita 150 au 160 hivi kutoka ardhini. Weka vitu vyako vya thamani kati ya kiuno chake na macho yake, mahali mkono unapofika bila kuinama wala kunyoosha vidole vya miguu. Vya kuchezea watoto viwe chini kabisa, karibu na macho yao wao. Na ukishajenga, tikisa. Rafu inayoyumba ukiigusa itaanguka mteja akiigusa.

Chagua kitu kimoja cha kuita watu. Kimoja tu, kikubwa au cha ajabu kidogo: saa ya ukutani yenye pendulamu, sanduku la safari la zamani lililo wazi, koti lenye rangi kali limetundikwa juu kwenye pembe ya kibanda. Kiwe upande wanakotokea watu wengi na kionekane juu ya vichwa vyao. Na kiwe cha kuuza, chenye bei yake. Mpita njia akiuliza ukamjibu kwamba hilo ni pambo tu, umemwita halafu umemfukuza. Kikiuzwa, uwe na kingine chini ya meza tayari kushika nafasi yake.

Kuhusu wingi wa vitu nitasema kwa mkazo, kwa sababu najua hamtanielewa upesi. Toeni nusu. Najua uchungu wa kubeba mzigo mpaka sokoni kisha kuuficha chini ya meza, na najua wazo linalowajia, kwamba kisichoonekana hakinunuliwi. Lakini vikombe arobaini vilivyosongamana havionekani kama vikombe arobaini, vinaonekana kama rundo. Jicho linapita juu yake bila kushika chochote. Vikombe kumi na viwili vilivyoachiana nafasi, vishikio vyote vikielekea upande mmoja, kila kimoja kinatazamwa. Hivyo vingine vinasubiri chini, na kila kimoja kikinunuliwa unainua kingine. Kitambaa cha meza kinachofika chini kabisa ndicho kitakachoficha akiba hiyo pamoja na maboksi, maji yako ya kunywa na viatu vyako vya kubadilisha. Kitambaa kinachoishia nusu ya miguu ya meza ni bora kisiwepo.

Ipo aina moja ya mzigo ambayo rundo linaifaa: vitu vidogo vya bei moja. Watu wanapenda kuchimba na kupekua, na kikapu kikubwa chenye kibao cha bei moja huwashika wakakaa. Wakati wanapekua, macho yao hupanda taratibu mpaka kwenye rafu. Basi kiweke mbele, ukingoni, ila kiwe kimoja.

Kitambaa nacho kina kazi zaidi ya kuficha. Kuna binti mmoja niliyekuwa nikimwona akiuza vyombo vya kioo: bilauri, mitungi midogo, chupa za manukato tupu zenye vifuniko vya kuchongwa. Alivitandika juu ya shuka jeupe, safi, lililopigwa pasi, na watu walikuwa wanapita. Vioo juu ya nyeupe, chini ya turubai nyeupe, vilikuwa vimeyeyuka. Nilimwomba ajaribu kitambaa cheusi kisichong'aa kwenye meza, na zile chupa za rangi azisogeze mpaka ukingoni ambako jua la asubuhi lilikuwa linapenya kutokea nyuma. Tulizisogeza pamoja, moja moja. Ile ya kijani ilipofika kwenye jua ilitupa doa la kijani mezani, na mama mmoja aliyekuwa ameshatupita akarudi, akanyoosha mkono kabla hajauliza neno. Mali ilikuwa ileile. Basi kumbukeni: kioo, fedha na vya kung'aa vinataka kiza nyuma yake, mbao nyeusi, chuma na ngozi vinataka kitambaa cha rangi nyepesi. Kitambaa chenye maua na mistari kinashindana na bidhaa, nacho hakiuzwi.

Turubai la juu pia lichagueni kwa busara. Jekundu au la bluu hupaka rangi yake kila kilicho chini, na nguo nyeupe itaonekana kama imeingiwa na rangi. Jeupe hupitisha mwanga bila kuubadilisha. Fuatilieni jua linavyozunguka: kibanda kinachotazama magharibi kitakuwa na kivuli asubuhi, halafu alasiri jua litaingia moja kwa moja juu ya meza. Vitabu na nguo zitapauka, na santuri zikiachwa juani zinapinda na hazirudi tena katika hali yake. Wenye nafasi za ndani, kwenye ukumbi wenye giza, chukueni taa ndogo za betri na mzielekeze kwenye bidhaa, zisimpige mteja machoni.

Upepo msiuchezee. Hema la mita tatu kwa tatu ni tanga, na upepo wa ghafla unaweza kulibeba likaangukia watu. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina kilo 20, na maji hupatikana karibu kila mahali, kwa hiyo fungeni moja kwa kamba imara kwenye kila mguu wa hema hata kama asubuhi ni shwari. Ukiona upepo unazidi, shusha hema. Soko la siku moja halilingani na kichwa cha mtu.

Maandishi. Kibao cha juu kiseme unauza nini kwa maneno mawili au matatu: vitabu vya zamani, nguo za watoto, vifaa vya fundi. Jina lako la biashara, hata liwe zuri kiasi gani, liwe dogo chini yake. Herufi zenye kimo cha sentimita 10 zinasomeka vizuri kutoka mita kumi na mbili hivi, mradi ziwe nene na rangi yake itofautiane kabisa na rangi ya nyuma. Nyeusi juu ya njano au nyeupe haijawahi kuniangusha. Herufi za mapambo zenye mikia waachieni waandika kadi za harusi.

Na bei ziandikwe, wanangu. Nalisema hili nikijua wengi mnapenda kumpima mteja kwanza kisha mtaje bei. Mtu mwenye haya hatauliza, ataweka kitu chini na kuondoka, na hutajua kamwe kwamba alikuwa na pesa mkononi. Aliyezoea kupatana atapatana hata bei ikiwa imeandikwa, kwa hiyo hupotezi kitu. Lebo iwe ndogo, ya mwandiko wa kusomeka, isibandikwe kwa gundi juu ya karatasi ya kitabu wala rangi ya mbao. Chenye ufa au kisichofanya kazi, kiandikwe hivyo kwenye lebo yenyewe. Atakayekuta umemwambia ubaya wa kimoja atauamini uzuri wa vingine.

Umbo la kibanda linategemea nafasi uliyopewa. Wengi huweka meza moja mbele kama ukuta na wao wakabaki nyuma yake. Mimi napendelea meza mbili kwa umbo la pembe, upande mmoja ukiwa wazi, ili mtu aweze kuingia hatua moja akatoka kwenye msongamano wa njia. Anayetazama bidhaa huku wapita njia wanampiga vikumbo mgongoni hakai, hata kama anapenda anachokiona. Acheni upana wa sentimita 90 angalau pale pa kuingilia, ili mwenye kiti cha magurudumu au mama mwenye kigari cha mtoto naye apite. Wenye nguo, kioo cha kujitazama kiwe ndani kabisa, mwisho wa nafasi, na henga zote zielekee upande mmoja, nguo zikiwa zimepangwa kwa saizi kwanza, kisha rangi.

Halafu nyinyi wenyewe. Muuzaji aliyeinamia simu ni mlango uliofungwa, na anayemrukia kila apitaye naye anafukuza. Simama kando ya meza, si nyuma yake, na uwe na kazi mikononi: futa vumbi, panga upya, piga pasi. Mtu akiwa na kazi wengine wanamkaribia bila hofu. Salimu, kisha mwache atazame. Akishika kitu kwa muda, mwambie jambo moja la kweli kuhusu kitu hicho, kilitoka wapi au kinafanyaje kazi.

Baada ya saa sita za mchana meza huanza kuwa na mapengo, na hapo wengi mnachoka. Msiyaache. Sogezeni vilivyobaki vikae pamoja, ondoeni rafu moja ikibidi, inueni akiba ya chini, mrudie ile safari ya hatua kumi na tano. Wanaokuja jioni hawajaiona meza yenu ya asubuhi, wanaiona hii. Na kabla ya kufungasha, pigeni picha ya mpangilio ulioleta wateja, muandike juu ya kila boksi vilivyomo na ni la rafu ipi. La rafu ya nyuma lipakiwe mwisho, ili gulio lijalo liwe la kwanza kushuka.

Wenu,
Mzee wa meza za pembeni