Mwanangu, ukiliwa utainuka?

Mwanangu,

Asalaam aleykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa peke yangu uani. Kwa hiyo umeanza kujifunza poka, karata za pesa, na wenzio wa bwenini huko Houston. Dini unaijua, sirudii. Nauliza moja tu: ukiliwa pesa, unainuka mezani?

Hesabu umeipata, silikatai hilo. Karata mbili mkononi, tano zinafunuliwa mezani, mtu anachagua tano bora. Hakuna turufu, kopa na shupaza sawa. Na saba, ambayo kwetu barazani inaifuata ree, karata kubwa kuliko zote, kwa heshima, huko ukianza nayo pamoja na mbili isiyo ya aina yake, ndio mkono mbovu kuliko yote. Hapo nilicheka. Ukasema ukiwa na kopa nne, karata mbili bado kufunuliwa, kopa zilizobaki ni tisa, basi kopa ya tano utaipata kama mara 35 kwa 100. Mahesabu ya babu yako hayo. Mbona zile 65 hukuzitaja?

Na huyo mhasibu wa Tennessee unayemsifu, Chris Moneymaker, aliyebeba dola milioni 2.5 kwenye mashindano ya dunia ya poka Las Vegas mwaka 2003. Waliingia watu 839. Mimi nikatoa mmoja, wakabaki 838.

Unasema anayeanza inafaa atupe mikono mingi bila kuweka kitu. Sawa, shika hilo. Lakini kutupa karata saa mbili usiku ni rahisi. Saa nane, pesa yako iko mbele ya mwenzio, noti unaitambua kwa kona iliyokunjika, je, miguu itakubali? Siku mama yako akikusimulia kwa nini jiko lilikaa masika nzima bila bati, usimbishie. Mimi nilimwambia bei imepanda.

Chezeni kwa njiti za kiberiti. Ada ikiingia ilipe siku hiyohiyo, isilale.

Bibi anakusalimu, macho yake afadhali. Mdogo wako atakuomba viatu, usimtumie, anavyo. Ule mnazi wa nyuma umeangukia banda la kuku, wamekufa wawili, mmoja tumemuwahi kumchinja. Fundi tumemwita, naye kila siku ni kesho.

Jumamosi mnacheza tena? Ukishainuka nipigie, hata iwe saa nane. Huku ni saa nne asubuhi, nitakuwa banda la kuku.

Baba yako