Asante uliyenichagulia multimita

Ndugu yangu uliyenishauri kuhusu multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, mzigo umefika salama na nimeshaufungua. Asante sana! Jina lako silijui, ndiyo maana nakushukuru hadharani.

Uliniambia nisivutiwe na wingi wa vipimo, kwanza nitazame maandishi yaliyo kando ya matundu ya nyaya. Nimeyakuta: CAT III (daraja la usalama la kifaa), volti 600, na tundu la ampea 10 lina fyuzi yake. Tena fyuzi yenyewe ni ya kauri, ile nene yenye mchanga ndani wa kuzima cheche mkondo unapozidi. Ya kioo ingeweza kupasuka. Bila wewe nisingejua hata pa kuangalia.

Kwenye kipimo cha kulia waya ukiwa mzima, nimegusanisha ncha za nyaya, multimita ikalia papo hapo. Kwenye omu ikasoma 0.2, ambao ni ukinzani wa nyaya zenyewe. Betri mpya ya alkalaini ya volti 1.5 ikasoma 1.6, kama inavyotakiwa.

Na lile onyo lako, kwamba waya mwekundu urudi tundu la volti kila nikimaliza kupima ampea, maana ukibaki kule kipimo kinachofuata cha volti ni shoti, nimeliandika na kulibandika mgongoni mwa kifaa. Mungu akubariki sana, fundi.