Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: nanga na matumbawe ya upepeo

Ndugu wanachama, manahodha, waongoza wageni na akina mama wa pweza, asalaam aleikum.

Ya fedha namwachia mhazini. Kitabu anacho, na ulimi wa kujitetea pia anao. Ya usajili yamekwisha, cheti kiko ofisini. Mimi leo nina moja tu: nanga.

Mlango wa Kinasi, hapa kwetu Mafia, mnaujua. Maji ya Ghuba ya Chole hupita pale yakijaa na yakitoka, na siku za bamvua mkondo si wa kuchezea. Mkondo huohuo ndio unaoyalisha matumbawe ya upepeo, yale yenye matawi yaliyotandaa kama upepeo. Hayaendi kutafuta chakula. Husimama yameukingama mkondo, yakadaka vijidudu vinavyopita. Limulike tawi kwa tochi: limejaa vinyama vidogo, kila kimoja kina minyiri minane. Viti vya pweza vyenye mikono myembamba hujisokota humo, na ukibahatika utamkuta yule samaki mdogo mweupe mwenye miraba myekundu na mdomo mrefu, ametulia juu ya tawi akikutazama.

Wazee wanakumbuka joto la bahari la 1998 lilivyoyaua matumbawe ya mwamba wa Tutia. Haya ya upepeo mengi hayategemei mwani unaoishi mwilini na kuyalisha kama yale magumu, kwa hiyo joto haliyapigi kwa namna ileile. Nanga ndiyo inayoyamaliza. Mengi hukua polepole mno. Lililofikia upana wa meza lina miaka mingi, na likivunjika shinani basi.

Kaskazi iliyopita chombo kimoja cha wageni, mwenyewe anajijua, kilitupa nanga ukingoni mwa mwamba. Ilipovutwa ilikuja na tawi la zambarau limenasa kwenye makucha, na mgeni akaomba alichukue kwao. Nahodha alitaka kumpa! Hapa ni hifadhi ya bahari tangu 1995, jamani. Matumbawe hayachukuliwi, hata yaliyokwisha vunjika.

Kamati inapendekeza hivi. Pale mlangoni pasitupwe nanga kabisa: wageni wazamie, chombo kifuate mapovu yao, kiwapokee wanapoibukia. Ndani ya ghuba, kwenye maji yaliyotulia, tufunge maboya ya kudumu, na kila chombo kichangie. Hoja kwamba kufuata mapovu kunakula mafuta nimeisikia, na ina uzito, hasa kwa wenye mashine kubwa. Lakini wageni hawaji Mafia kutazama mchanga, na bei ya safari tunaweza kuipandisha kidogo pamoja, mradi asitokee wa kuivunja gizani.

Wavuvi wa mishipi nao nawaomba: uzi ukinasa, msiuvute kwa nguvu. Mwiteni kijana mwenye miwani ya kuzamia aufungue, kwani uzi ulioachwa chini huendelea kusaga matawi.

Kura itapigwa baada ya mhazini kusoma mahesabu. Asiyelipa ada ya mwaka atakaa asikilize, hatanyoosha mkono.