Taarifa ya mwenyekiti: mwaka tuliohangaika na vidonda vya mdomoni

Ndugu wanachama, habari zenu. Vikao vyote vimefanyika na mahesabu atayasoma mhazini, mimi hapo sikai. Nataka niongelee vidonda vya mdomoni, maana simu nyingi nilizopigiwa usiku mwaka huu zilikuwa za hayo, mtu anakwambia mwenyekiti kemo (dawa za saratani) naivumilia ila hata mate siwezi kumeza.

Waliopigwa mionzi ya kichwa na shingo wanajua, karibu wote inawapata. Kemo inaua seli zinazojigawa haraka na ngozi laini ya mdomoni nayo inajigawa haraka, kwa hiyo inaliwa pamoja na saratani, wiki moja hivi baada ya dozi mdomo unawaka moto. Wengine wanafikia kwenye mofini, ile dawa kali ya maumivu, na mrija wa chakula, na kinachoniuma zaidi ni pale matibabu yenyewe yanaposimamishwa sababu ya mdomo.

Ndo tukaanza kuifuatilia taa ya leza. Watu wakisikia leza wanadhani wanaenda kuchomwa, hapana jamani, hii ni ya nguvu ndogo, haikati wala haiunguzi, na sio mionzi kama ile ya kutibu saratani. Ni mwanga mwekundu, nanomita 630 hadi 660 hivi, au infraredi, ule usioonekana kwa macho, unavaa miwani ya kukinga macho halafu wanakumulika mashavuni kwa ndani, midomo, ulimi, kila sehemu muda mfupi tu. Mwanga unaamsha mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli, seli inapata nguvu ya kujitengeneza, uvimbe na maumivu vinashuka. Alianza nayo daktari Endre Mester wa Hungaria miaka ya 1960, aliwamulika panya walionyolewa akashangaa manyoya yanarudi haraka!

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwongozo wa MASCC na ISOO, vyama vya kimataifa vya wataalamu wa kuwahudumia wagonjwa wa saratani na midomo yao, uliotoka 2020 unaipendekeza KUZUIA vidonda, kwa wanaopandikizwa uboho na wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo, yaani unaanza kabla mdomo haujachubuka. Sisi wengi tumeuliza tukiwa tayari hatuwezi kuongea, na mimi mwenyewe niliwaelekeza wenzetu wengine nikiwa nimechelewa, naomba radhi kwa hilo. Kama uvimbe wa saratani uko mdomoni, muulize daktari kabla ya kukubali, kwa kawaida hawamuliki juu ya uvimbe wenyewe.

Ambako mashine haipo usikae bure, sukutua maji ya chumvi, tumia mswaki laini, na anayechomwa 5-FU (dawa mojawapo ya kemo) ya haraka, ile inayosukumwa yote kwa mara moja, aombe barafu ya kumumunya nusu saa, inaanza kabla kidogo ya sindano.

Mwaka ujao kila mwanachama mpya tutampigia simu kabla ya dozi ya kwanza, tumuulize kama ameshaongea na daktari kuhusu mdomo. Wanaoweza kupiga hizo simu waniandikie majina leo leo kabla hatujatawanyika.