Fimbo za pool zinaharibikia kwenye ncha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye meza za pool na wachezaji wao. Mimi ni fundi seremala hapa Msamvu, Morogoro. Mbali na vitanda na makabati, huwa naletewa fimbo za pool, na karibu kila anayeleta husema imepinda. Naishika kitako, nafumba jicho moja, naitazama hadi mbele: mara nyingi imenyooka vizuri tu. Ubovu uko kwenye ncha.

Ile ngozi ya mbele, yenye upana wa milimita 13 hivi, au pungufu kwa fimbo za mipira midogo, ndiyo pekee inayopaswa kugusa mpira. Ikigongwa muda mrefu bila matunzo hushindiliwa, huwa ngumu na kung'aa, na chaki haishiki tena. Hapo ukiupiga mpira mweupe pembeni ili uzunguke, ncha inateleza na mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Chukua msasa, ikwaruze taratibu mpaka ule mng'ao uishe, uiache na mviringo kidogo juu, isiwe bapa. Ikishakuwa nyembamba sana, ing'olewe ibandikwe nyingine. Hakuna haja ya kununua fimbo mpya.

Nyuma ya ngozi kuna pete nyeupe, nyingi ni za plastiki, inayopokea kishindo ili mti usipasuke. Jamani, acheni kugonga ncha sakafuni mkikosa mpira! Niliwahi kuletewa fimbo ambayo pete ilipasuka, wakaendelea kuichezea hivyo hivyo, ufa ukashuka ndani ya mti urefu wa kidole. Ilibidi niikate. Kitako angalau kina kipande cha raba cha kukilinda. Mbele hakuna kinga ya namna hiyo.

Kwa zile za vipande viwili, kazeni skrubu kabla ya kuanza. Ikilegea utaisikia inalia kila ukipiga.

Zinazopinda kweli ni zile zinazoegemezwa ukutani karibu na mlango, jua la mchana linazipata na mvua ya jioni inazipata. Mwenye meza anakusanya hela kila siku. Basi atengeneze kishikio cha ubao mbali na mlango, zisimame wima, na pale anapoweka chaki aweke pia msasa na ngozi za akiba.

Fundi seremala,
Msamvu, Morogoro