Fyuzi kubwa haiokoi boti, huiunguza

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa miaka mingi bila ya kuliandikia, lakini habari mliyoitoa wiki iliyopita kuhusu boti ya uvuvi iliyoungua ikiwa imetia nanga imenilazimisha kushika kalamu. Mwandishi wako alieleza vizuri ukubwa wa hasara, akawahoji waliouona moshi, kisha akafunga kwa kusema kwamba chanzo ni hitilafu ya umeme, kana kwamba umeme ni upepo unaojivumia wenyewe. Betri ya volti 12 haiunguzi boti bila ya sababu. Moto hutoka kwenye waya mwembamba uliobebeshwa mzigo usio wake, au kwenye kiungo kilicholiwa na chumvi, au kwenye fyuzi iliyopachikwa na mtu asiyejua fyuzi ni ya nini, na katika kila moja ya hali hizo yupo mtu aliyefanya jambo au aliyeacha kulifanya.

Mimi ni mwenye boti ya faiba inayovua dagaa upande wa Mangapwani. Wengi wetu tumeshaachana na karabai na sasa tunavua kwa taa za LED zinazotumia betri. Boti yangu ilikuwa na taa mbili za wati 60, waya wa milimita mraba 1.5 na fyuzi ya buluu ya ampea 15, yaani inayokatika umeme unaopita ukizidi kiwango hicho, na kwa mzigo ule mambo yalikuwa yanakwenda. Nilipokuwa Pemba msibani, nahodha alitaka mwanga zaidi, akaitwa fundi, na fundi akaongeza taa mbili nyingine juu ya waya uleule. Fyuzi ikakatika baada ya muda mfupi, kama ilivyotengenezwa ikatike. Akatia nyingine, nayo ikakatika. Ndipo akatafuta ya kijani ya ampea 30, akaipachika, taa zote nne zikawaka, akalipwa ujira wake na kuondoka. Niliporudi nikaingia baharini na vijana, na kabla hatujatupa nyavu nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilifunua kisanduku cha fyuzi kilicho karibu na tezi (nyuma ya boti) nikakuta kishikio cha fyuzi kimebonyea na kugeuka rangi ya kahawia, pini zake zimeota kutu ya kijani, na ngozi ya waya imelainika hadi alama ya kidole changu ikabaki pale nilipoigusa. Fyuzi yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Dumu la petroli lilikuwa limewekwa hatua chache tu kutoka hapo.

Nilipomweleza fundi yule, alinijibu: "Mzee, umeme wa betri hauna madhara, hata ukiushika husikii kitu." Jibu hilo nimelisikia kwa mafundi wengi wa pwani hii, na ndilo linalotuunguzia vyombo. Ni kweli kwamba volti 12 kwa kawaida hazimrushi mtu, lakini uchache wa volti ndio unaoongeza ampea: taa nne za wati 60 kwa volti 12 zinataka ampea 20, ilhali mzigo huohuo nyumbani, kwenye volti 230, hautaki hata ampea moja na robo. Joto la waya hufuata ampea, tena hulifuata kwa kipeo cha pili, yaani ukizidisha ampea mara mbili, joto huzidi mara nne. Chukua waya wangu wa milimita mraba 1.5, wenye mita sita za kwenda na mita sita za kurudi. Ukipitisha ampea 10, hata ungekuwa wa shaba safi, wati 14 hivi zinaishia njiani kuupasha moto waya. Ukipitisha ampea 20, zinakuwa wati 56, na fyuzi ya ampea 30 inazitazama zikipita bila ya kushtuka, kwa sababu haijafika kiwango chake. Fyuzi kazi yake ya kwanza ni kuulinda waya, na kwa hiyo hupimwa kwa unene wa waya. Anayeibadilisha kwa kubwa zaidi bila ya kubadilisha waya ameufanya waya wenyewe kuwa ndio utakaokatika kwanza, na waya hukatika kwa kuwaka. Wanaozungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kutia msumari mahali pake, wanafanya jambo hilohilo kwa ubaya zaidi, na nimeyaona yote mawili kwenye boti zinazochukua abiria na watoto wao.

Kishikio nacho kina habari yake. Chumvi ikishaingia kwenye pini, mguso unakuwa mbaya, na hata ukinzani mdogo wa sehemu tano za mia za omu, ukipitiwa na ampea 20, hutoa wati 20 za joto ndani ya kiplastiki kisichozidi kidole gumba. Fyuzi haiwezi kuliona hilo, kwa kuwa ampea hazikuongezeka. Kwa hiyo fyuzi inayochemka bila ya kukatika inataka kishikio kipya, pini safi zinazobana, na terminali iliyobanwa kwa koleo lake kisha ikapakwa mafuta ya mgando, badala ya nyaya kusokotwa kwa vidole na kuvishwa utepe ambao unyevu wa bahari utaubandua.

Na hapa sina budi kuwataja wauza vifaa. Waya ule ulipotolewa, nilikwangua ncha yake kwa kisu, na chini ya rangi ya shaba kukatokea weupe wa alumini. Nilikuwa nimeuziwa kwa bei ya shaba waya ambao, kwa unene uleule, huchemka zaidi ya shaba safi na huliwa na maji ya bahari kwa haraka zaidi. Mvuvi anayeuliza shaba hastahili kupewa alumini iliyopakwa, na wanaosimamia ubora wa bidhaa wangeweza kuigundua kwa kisu tu, kama mimi.

Boti yangu nimeifunga upya kwa waya wa shaba uliopakwa bati, kila taa mbili na laini yake na fyuzi yake, na kwa umbali ule nimechagua milimita mraba 6, ambayo kwa ampea 10 inapoteza kiasi cha theluthi moja ya volti tu. Fyuzi kuu iko karibu kabisa na betri, kwani waya ulio kati ya betri na fyuzi haulindwi na chochote. Kanuni za ABYC, baraza la Marekani linaloweka viwango vya usalama wa boti, zinataka umbali huo kwa kawaida usizidi inchi 7. Pampu ya kufulia maji ya ngama (yanayojikusanya chini botini), ambayo wengi huiunga moja kwa moja na betri, nayo nimeipa fyuzi ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, kwa sababu ikikwama kwa uchafu ampea hupanda.

Mkaguzi wa mwisho kupanda botini kwangu alihesabu jaketi za kuokolea, akatazama namba, akashuka. Napendekeza kwamba kabla ya boti yoyote kupewa leseni, vifaa vyake vyote vya umeme viwashwe kwa pamoja kwa nusu saa, kisha mkaguzi aweke kiganja juu ya kila kishikio cha fyuzi na kukipitisha juu ya kila waya, na pale ambapo kiganja hakivumilii kukaa, boti ibaki ufukweni hadi ifungwe upya. Ndani ya kifuniko cha kisanduku kibandikwe karatasi inayoonyesha unene wa kila waya, rangi na ampea za fyuzi yake, na jina la fundi aliyeufunga.

Mwenye boti ya dagaa,
Mangapwani, Unguja